MREJESHO: Riwaya ya moyoni au simulizi za mapenzi zinazouza?

Wakuu habari za siku. Niliuliza humu kama niendelee na riwaya yangu ya wavuvi wa Kilwa Kivinje ninayoipenda, au nihamie kwenye simulizi za mapenzi za kulipia WhatsApp maana ndo zinauza. Asanteni sana nyote, hata mlionisema kwa ukali.

Nilifuata ushauri wa yule dada aliyesema andika zote ila usichanganye muda, alfajiri ya Kilwa, usiku ya magrupu. Ya mapenzi imelipa kweli, sehemu za mwanzo natoa bure halafu nakatia pale mke anashika simu ya mumewe, basi watu wanatuma M-Pesa usiku huohuo wapate mwendelezo. Shida mtu mmoja analipa, anakopi, anarusha grupu lingine bure, na hilo sijalipatia dawa, kuweka jina langu katikati ya kila sehemu kumesaidia kidogo tu.

Ushauri wa kuichomekea Kilwa mapenzi ili iuze niliujaribu nikafuta, ilikuwa inawapotosha wale wavuvi kabisa.

Hela ya magrupu ndo imeichapa riwaya ya Kilwa, ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) nikachukua Bodi ya Maktaba. Inauza polepole mno, maboksi bado yako chini ya kitanda. Ila mzee mmoja wa Kivinje kanipigia kunihadithia jahazi la baba yake mpaka salio likamwishia, nimefurahi mno.

Anayetaka kuchapa nakala chache aniulize hapahapa, nitamwelekeza.