Yadi ya kiwanda kilichofungwa: tupande mchicha au tuache?

Mama Zuhura, Tanga
Habari za leo wapendwa. Tuko akina mama kumi na wawili, kikoba kimoja. Jirani yetu ipo yadi ya kiwanda kilichofungwa tangu mimi ni msichana. Leo ni magugu, vyuma chakavu, na usiku vibaka. Mwenye eneo ametukubalia kwa mdomo tuitumie miaka mitatu bila kodi, akipata mwekezaji tuondoke. Tunataka bustani ya mchicha na matembele, na kibanda cha chapati. Ila nyuma palikuwa na gereji ya malori: udongo mweusi, mvua ikinyesha mafuta yanaelea, na nimeokota vipande vya betri. Wenzangu wanasema mvua za miaka yote hiyo zimeshasafisha. Ni kweli?

Mzee wa Changamwe
Si kweli, dada yangu. Risasi ya betri, yaani ile metali ya lead, haiozi. Hapa kwetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, na bado mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Wanaoumia zaidi ni watoto: wanachezea mchanga, vidole mdomoni, na risasi huharibu ubongo. Mchicha unakaa chini, vumbi lote juu yake. Tafadhali, nyuma kule msitie jembe. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, wako Muheza, hapo karibu nanyi, kazi yao ni udongo. Waulizeni kama wanapima na metali nzito kama hiyo risasi, maana kupima rutuba peke yake hakutawaambia kitu.

Shomari, Amsterdam
Mimi hupita De Ceuvel mara kwa mara, eneo la hapa Amsterdam, zamani palikuwa pa kuundia meli, ardhi ina sumu. Vijana wakapewa kwa mkataba wa miaka kumi, pakafunguliwa 2014. Walileta maboti makuukuu yaliyokuwa makazi ya watu, wakayapandisha nchi kavu yakawa ofisi na vyumba vya wasanii. Unatembea juu ya njia ya mbao. Pembeni kuna mimea ya kunyonya sumu, haliwi hata jani. Mpango ulikuwa muda ukiisha, boti linanyanyuliwa na kuondoka. Nanyi jengeni cha kubebeka.
Halafu mama, maandishi! Yadi ikishang'aa kwa jasho lenu, ndipo mwekezaji huonekana. Andikeni muda, na notisi ya miezi mingapi.

Mama Zuhura, Tanga
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu jana kikaoni. Kibanda kitakaa mbele, juu ya sakafu ya zege ya stoo ya zamani. Mboga kwenye viroba, udongo tutaleta kwa gari kutoka shambani kwa mama mkwe, Pongwe. Nyuma tumefunga kamba, watoto wamekatazwa. Karatasi tumeandika, notisi miezi mitatu ili angalau mchicha uliomo uvunwe. Tunamsubiri mwenye eneo aje asaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee, vile vipande vya betri nilivyookota viko kwenye ndoo yenye mfuniko. Nivipeleke wapi?