Rafiki wa mwanangu kafukuzwa kwao, yuko kwangu. Nifanyeje?

Mama Mishomoroni: Salaam jamani. Kijana wa miaka 15, kidato cha pili, kazozana na baba wa kambo akaambiwa asirudi. Kalala kwenye baraza za maduka mpaka mwanangu akaja naye. Mkoba wa shule ndani mna shati moja na chaja. Mamake nikimpigia analia tu, hasemi ndiyo wala la. Mume wangu aogopa tutaambiwa tumeficha mtoto wa watu. Nami jioni namwona maskani na wale vijana wa visu, roho hainipi. Polisi, au makao ya watoto?

Bin Likoni: Usimfiche, usimfukuze. Leo hii mwone mzee wa mtaa, kisha afisa wa watoto pale Kisauni aandike kwamba yuko kwako. Usiku ukizidiwa piga 116, simu ya msaada wa watoto hapa Kenya, ni bure saa zote.

Kahawa Chungu: Enda asubuhi mapema na mtu wa pili. Mezani kwa hao maafisa faili ni mlima. Polisi kama alikuwa akipigwa, na hapo uliza dawati la jinsia na watoto, asije akawekwa kaunta kama mwizi.

Mwalimu wa Bara Hindi: Makao yawe ya mwisho kabisa. Mpango wa serikali wa 2022 hadi 2032 ni watoto walelewe ndani ya familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua hata kafala yetu Waislamu, yaani kumlea mtoto wa mwenzio bila kumbadilisha ukoo. Tafuteni jamaa. Yule baba mpelekeeni imamu wa msikiti anaosali. Barua ya ofisi ataichana, imamu atamsikiliza. Na shule asikose hata siku moja. Akishaacha, maskani ndiyo itamlea.

Mama Mishomoroni: Shukran. Mzee wa mtaa alikuja, akamuuliza kijana mwenyewe ataka kukaa na nani. Akataja nyanyake wa Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni, papo hapo. Bibi kakubali, na mamake kesho twenda naye kwa afisa. Imebaki nauli: feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini matatu huku na kule kila siku bibi hawezi.

Kahawa Chungu: Msimhamishe shule katikati ya muhula. Mwalimu mkuu aulizwe kuhusu basari.

Dada wa Chama: Hadi muhula uishe, nauli chama chetu kitachanga. Nitumie ujumbe faraghani, lakini pesa tutampa bibi mkononi, si kijana.