Naomba ushauri: maumivu ya mgongo na mazoezi ya fiziotherapia

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, miaka 41, nipo Morogoro. Mgongo wa chini unanisumbua mwaka wa tatu sasa. Nikishona saa moja tu, kuinuka lazima nishike meza. Nilimeza vidonge vya maumivu vya diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka moto, nikaacha.

Kipimo cha MRI kilionyesha diski (ule mto laini) kati ya pingili za L4 na L5, hapo mgongo wa chini, imetokeza kidogo. Daktari akasema upasuaji hauhitajiki, nianze fiziotherapia. Nimefundishwa kulala chali, magoti nimekunja, nainua kiuno na kuhesabu hadi 10. Jingine napiga magoti, viganja chini, nanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha nabadilisha. Hii ni wiki ya sita. Usingizi umerudi, namshukuru Mungu, ila siku za oda nyingi maumivu yanarudi vilevile.

Mliopitia hili, ilichukua muda gani mgongo kupata nguvu? Siku ukiuma mnapumzika au mnaendelea taratibu? Ganzi miguuni sina, mkojo uko sawa. Na mafundi wenzangu, mnakalia kiti gani? Changu ni stuli ya mbao isiyo na egemeo.