Tupeane uzoefu: ule msimu wa 2022/23 ulikukuta wapi?

Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Juzi kijiweni dogo mmoja ananiambia mpira wa Bongo umeanza kunoga mwaka huu. Nikamuuliza, 2022/23 ulikuwa wapi? Ananijibu alikuwa la sita, na televisheni ya kwao ilikuwa ya kumwangalizia bibi tamthilia. Nikaona huyu nisibishane naye, nilete uzi.

Ule msimu Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Taifa Stars ikaisaka AFCON ya Ivory Coast mpaka Septemba. Asije mtu kutuwekea msimamo wa ligi hapa, tunaujua: Yanga 78, Simba 73. Lete kilichokukuta wewe.

Naanza mwenyewe. Mimi ni Mnyama, yaani Simba. Februari 18, 2023 nilikwenda Uwanja wa Mkapa kumwangalia Raja Casablanca, jezi mpya hata mikunjo haijatoka, nimemuaga mama watoto kwa mbwembwe: kwa Mkapa hatoki mtu. Tukapigwa tatu bila, nyumbani. Nilivua jezi nikaitia kwenye mfuko wa rambo, nikatembea toka uwanjani mpaka Mtoni kwa Aziz Ali nimevaa singlendi, maana kwenye daladala wote wangekuwa Yanga. Nikaapa sirudi uwanjani msimu ule.

Machi 18, mwezi kamili, Horoya kala saba. SABA. Chama peke yake tatu. Mimi nilikuwa nyumbani nafuata kiapo changu, napaka rangi geti.

Robo fainali Wydad, bingwa mtetezi. Hapa Dar tukamfunga moja, Baleke. Marudiano usiku wa Aprili 28, kibanda umiza kimejaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya turubai. Manula majeruhi, golini yuko Ally Salim, kijana ambaye wiki mbili nyuma alikuwa amewazuia Yanga tunawafunga 2-0. Wydad wakarudisha, ikaenda penalti, tukafa 4-3. Mwenye kibanda ni Yanga damu. Mpira wa mwisho haujatulia vizuri, kachomoa waya ukutani: "Haya jamani, nafunga, umeme ghali."

Mpunga Mweupe

Mkuu, wewe ulitembea mpaka kwa Aziz Ali. Mimi nilibeba gunia.

Nipo Ubaruku, Mbarali. Yanga wa kurithi, tangu kwa babu. Novemba 29, 2022 Wananchi, yaani Yanga, wanakuja kwetu uwanja wa Highland Estates kucheza na Ihefu, na wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Hapa kijijini sisi Yanga tulikuwa tunaongea kama wenye mashamba yote ya bonde. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni Simba. Akaniambia, shemeji, tuweke gunia la mpunga: Yanga ikishinda nakuletea, ikifungwa unaniletea. Nikamwongezea masharti mwenyewe, mjinga mimi: "Na nitalibeba begani, siyo kwa bodaboda."

Yanga ikatangulia kufunga, nikaanza kumuuliza gunia lake ni la mbegu gani. Ihefu wakasawazisha. Kipindi cha pili Lenny Kissu akaweka la pili. Uwanja wetu ni mdogo, unamsikia hata mchezaji anavyohema, na nakwambia kelele za siku ile sijazisikia tena. Waliokuwa wanashangilia wengi walikuwa Simba waliovaa mashati ya kawaida. Ihefu wenyewe hawakuwa na mashabiki wote wale.

Kwa shemeji ni kama kilomita moja na nusu. Gunia la mpunga nyie mnaokula wali mjini hamlijui. Nilipumzika mara nne. Mara ya tatu watoto wa shule wakawa wananifuata nyuma wanaimba. Nimefika, shemeji kakaa barazani, hajanisaidia hata kulitua. Akasema, "Karibu chakula." Wali.

Kidampa

Nimecheka mpaka bosi kageuka. Shemeji hakukurudishia hata debe?

Mpunga Mweupe

Debe? Mke wangu mwenyewe siku hiyo alikuwa upande wa kaka yake.

Baba Wawili

Mimi fupi tu. Aprili 30, Yanga na Rivers United, marudiano ya robo fainali. Kule Nigeria mshambuliaji wetu Mayele kashawatetemesha mabao mawili, kwa hiyo nikaona hii ni salama, nikamchukua mwanangu wa miaka saba, mara yake ya kwanza kwa Mkapa. Mpira unaendelea, taa zikazimika. Uwanja wa watu 60,000, giza. Watu wakawasha tochi za simu, jukwaa zima likawa kama anga la kijijini. Mimi nimemshika mkono namwaza mtu wa kunikanyagia mtoto, yeye kapanda kwenye kiti anapiga makofi. Taa zikarudi, mechi ikaisha bila bila, tukapita. Mpaka leo ukimuuliza ile mechi alipenda nini, anasema "pale walipotuzimia taa". Anaamini ilikuwa sehemu ya shughuli.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, hospitali siitaji. Na mpira siupendi sana, nieleweke.

Juni 3 nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wanaume. Yanga wako Algiers, fainali ya pili. Ya kwanza hapa Dar walishafungwa 2-1 na USM Alger. Kulikuwa na mzee wetu, kama miaka themanini, kalazwa siku ya kumi, ana redio ndogo ya betri imefungwa raba kuzuia mfuniko wa nyuma. Kwa taratibu zetu saa nne redio zote kimya. Akaniita, "Mwanangu, leo usinione." Nikamwambia, "Haya babu, sikuoni, ila sauti ibaki kwenye mto."

Mapema tu Djuma Shaban akafunga penalti. Nilijua kwa sababu vitanda sita viligeuka kwa mpigo. Kumbe wodi nzima walikuwa wanasikilizia mto wa mzee. Wa kitanda cha jirani, mguu uko kwenye plasta, ndiye aliyekuwa anapokezana naye kushika redio. Mimi nazunguka na sahani ya dawa, kila nikipita wananifanya mgonjwa mwenzao: "Sista, bado moja bila." Diarra, kipa wa Yanga, kadaka penalti ya Waarabu, hapo nikashindwa kuwanyamazisha.

Ikaisha 1-0. Mzee akaniambia, "Tumeshinda." Nikamwambia ndiyo babu. Akasema, "Kombe letu." Kijana wa plasta ndiye akamweleza: jumla ni 2-2, ila wao walifunga mawili ugenini, sisi ugenini moja. Mzee akanyamaza muda mrefu. Akauliza, "Yaani tumewafunga kwao, nyumbani kwao, na kombe wanabaki nalo?" Kijana akasema ndiyo, sheria. "Sheria ya nani?"

Nilikosa cha kumjibu. Nikampima presha, ilikuwa juu, kwenye faili nikaandika namba tu, sababu sikuandika. Wiki iliyofuata aliruhusiwa, redio kamwachia yule kijana.

Mtukula Line

Mmesahau Stars nyie. Klabu klabu tu.

Nafanya biashara Mutukula, nusu ya wateja wangu Waganda. Machi 24 tumewafunga Uganda 1-0 Ismailia huko Misri, Msuva. Siku nne nikawauzia watu bidhaa huku nawanong'oneza matokeo. Machi 28 wakaja Dar, dakika za mwisho kabisa, moja bila kwao. Mteja wangu mmoja, mama wa Kyotera, alifika asubuhi yake hata salamu hajatoa, kanyoosha kidole kimoja juu. Akataka na punguzo. Nikampa.

Sasa angalieni hesabu hii. Septemba 7 tumetoka sare bila bila na Algeria kule Annaba, tukafuzu kwa pointi 8. Uganda wamemaliza na 7. Katika mechi 6 tumefunga magoli MATATU tu: moja la Mpole, mawili ya Msuva, lile la Uganda na la Niger. Mayele peke yake Shirikisho alifunga saba. Chama Mzambia, Baleke na Mayele Wakongo, Aziz Ki wa Burkina Faso, Saido Mrundi. Klabu zetu zilipaa kwa mguu wa mgeni, Stars ikatambaa kwa wa kwetu ikafika. Mimi yale matatu ndiyo nayathamini.

Kidampa

Mkuu unataka tuwarudishe akina Mayele kwao?

Mtukula Line

Hapana, wewe soma vizuri. Nasema ulipigia kelele magoli mangapi ya Msuva?

Mleta uzi

Dah. La Niger nilikuwa napaka ukuta.

Mpunga Mweupe

Wewe jamaa nyumba yako ina rangi ngapi?