HZJ78 ya watalii: nyuma imelala, shokapu zinavuja. Nibadilishe nini na kwa mpangilio gani?

Msafiri_Kaskazini

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Land Cruiser HZJ78 ya watalii: paa la kunyanyuka, viti sita nyuma, friji, tangi la ziada la dizeli na tairi mbili za akiba mlangoni. Springi za majani za nyuma na koili za mbele ni zilezile lilizokuja nazo. Likipakia, nyuma inashuka milimita 60 nikipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, na kwenye rasta (mikunjo ya barabara ya vumbi) za kutoka Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, ekseli inagonga raba za kuzuia zilizo kwenye chasisi. Shokapu zote mbili za nyuma zinavuja. Fundi mmoja anataka tuongeze jani moja kila upande, mwingine anataka tunyanyue gari lote milimita 75. Nipeni ushauri kabla sijanunua kitu.

fundi_chasisi

Mkuu, anza na mzani. Lipakie kama linavyoondoka safari, tangi zote zimejaa, pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Halafu pima likiwa tupu. Usikisie kwa kujumlisha mizigo: kitu kilicho nyuma ya ekseli, kama hizo tairi za akiba, huilemea ekseli ya nyuma kuliko uzito wake chenyewe, na mbele kunakuwa kwepesi.

Tuseme mzani unaonyesha nyuma kumeongezeka kilo 600. Gawa kwa milimita 60: kilo 10 kwa kila milimita, yaani kilo 5 kwa springi moja. Ukitaka ishuke milimita 40 tu kwa mzigo huohuo, tafuta springi ya kilo 7.5 kwa milimita. Ila chagua kwa uzito unaokaa garini siku zote, si ule wa siku moja ya msimu. Springi ngumu mno kwenye gari tupu hurusha nyuma, tairi zinaachana na barabara kwenye kona ya changarawe, na hapo ndipo magari yanapopinduka.

Jani la kuongeza achana nalo. Springi zako zimechoka, na jani jipya lisilo na mkunjo sawa na wenzake halibebi kwa urefu wote. Mzigo unajikusanya pale ncha yake inapoishia au kwenye senta boliti (inayoshika majani pamoja katikati), na jani kuu linakatikia hapohapo. Nunua pakiti nzima, ambayo jani la pili linazunguka jicho (tundu la nchani linalopitisha pini) la jani kuu. Kuu likikatika, ekseli haikimbii.

Na ujue springi mpya haziongezi uzito ulioruhusiwa kwenye kibati cha gari. Breki na beringi ni zilezile.

Rasta_na_Vumbi

Kwa shokapu, tatizo lako kubwa ni joto. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo ndani ya Serengeti, ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mikunjo ya barabara ikiachana sentimita 75, kila shokapu inapigwa zaidi ya mara 18 kwa sekunde, kilomita baada ya kilomita. Nguvu yote hiyo inageuka joto. Mafuta yanakuwa mepesi, sili inakauka, na kwenye shokapu ya mirija miwili isiyo na gesi hewa inachanganyika na mafuta hadi yanatoa povu. Povu halizuii kitu, ndiyo maana gari linaanza kuelea baada ya nusu saa ingawa asubuhi lilikuwa sawa.

Chukua zenye pistoni nene. Kutoka kipenyo cha milimita 35 kwenda 45, eneo linaongezeka kwa takriban asilimia 65, na mafuta ni mengi zaidi ya kubeba joto. Ya mrija mmoja yenye gesi ya naitrojeni inapoa haraka, lakini jiwe likiubonyeza mrija wake pistoni inakwama. Kwa njia zetu mimi napendelea mirija miwili minene yenye sponji ndani badala ya nafasi ya hewa.

Shokapu ziendane na springi. Springi ngumu na shokapu laini ya zamani, gari linadunda bila kutulia.

Urefu nao upimwe: ekseli ikigusa raba ya kuzuia, shokapu ibaki na angalau milimita 15 kabla haijafika mwisho. Watu wengi huvunja shokapu mpya kwa kuruka kipimo hiki.

Msafiri_Kaskazini

Asanteni sana. Na hizo milimita 75? Pia nafungaje nisije nikarudia kazi?

fundi_chasisi

Ishia 50. Ekseli ya mbele ikinyanyuliwa milimita 50, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukiutazama kwa ubavuni) inapungua digrii 2 hadi 3, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe. Weka bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya mbele, na panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia) inayorekebishika ili ekseli irudi katikati. Hata kunyanyua nyuma peke yake kuna gharama: milimita 50 kwenye umbali wa mita 2.98 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma inakula karibu digrii 1 ya kasta.

Kufunga: weka vizuizi magurudumu ya mbele, stendi zikae chini ya chasisi, jeki ibebe ekseli. Fungua shokapu, kisha yuboliti (zinazobana springi kwenye ekseli), kisha pini za springi. Kichwa cha senta boliti lazima kikae ndani ya tundu la ekseli. Yuboliti ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo.

Pini za majicho usizikaze gari likiwa juu. Bushi ya raba hujifunga kwenye mkao iliokazwa, sasa ukilishusha inabaki imesokotwa na kuchanika mapema. Shusha, tikisa gari, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu. Raba usipake grisi ya petroli.

Pima mpira wa breki ekseli ikining'inia kabisa, uone kama urefu unatosha. Kama gari lako lina vali ya breki inayofuata mzigo, rekebisha fimbo yake, maana likinyanyuliwa vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Baada ya kilomita 500 kaza yuboliti tena, kisha alaimenti.

Rasta_na_Vumbi

Ukiingia kwenye rasta punguza upepo wa tairi asilimia 15 hadi 20 kutoka wa lami, upimwe tairi zikiwa baridi, na urudishe ukifika lami. Shokapu zitapoa zaidi kwa hilo kuliko kwa jina la kampuni lililoandikwa juu yake.