Mrejesho: besi iliyokuwa inanguruma bila noti

Wakuu, niliuliza kwa nini gitaa la besi la kwaya yetu linanguruma tu, noti hazisikiki, na nikiongeza sauti spika inakwaruza. Asanteni, limekaa sawa.

Aliyesema nianze na gein, yaani kirekebishi cha nguvu ya sauti inayoingia kwenye ampu (kikuza sauti), alipatia. Gitaa letu ni la betri, linatoa nguvu nyingi, kwa hiyo kwanza nilibonyeza kile kitufe cha kupunguza nguvu kilichopo kwenye ampu, karibu na tundu la jeki. Nikashusha masta, yaani sauti ya jumla inayotoka, hadi sifuri, toni zote katikati, nikawa napiga uzi mnene wa E kwa nguvu ileile ya kwenye pambio huku napandisha gein taratibu. Taa nyekundu ilipoanza kumwekamweka, nikairudisha nyuma kidogo. Kukwaruza kwisha! Sauti sasa naiongeza kwa masta peke yake.

Kwenye toni ndiko nilikoshangaa. Nilishusha besi (sauti nzito za chini), nikapandisha sauti za kati, eneo la hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 mpaka 800. Ukiisikiliza peke yake ni kavu, haivutii hata kidogo. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) na kibodi vikiingia, kila noti inatoka. Uzi wa E ni hezi 41 hivi, na spika yetu ya inchi 10 inahangaika nazo, kwa hiyo kujaza besi ilikuwa kumaliza nguvu ya ampu bure. Trebo (sauti kali za juu) nimepunguza, mikwaruzo ya vidole ilimkera mwalimu wa kwaya.

Umebaki mvumo wa umeme, ambao nikishika nyuzi unapungua. Nimwite fundi umeme, au ni waya ndani ya gitaa?