Mama anasema ni "mawazo tu", daktari anasema sonona

mtoto_wa_tatu: Wakuu habari. Mama ana miaka 72, tunaishi nae huku ugenini mwaka wa nane sasa. Tangu baba afariki halali, saa tisa usiku unamkuta anakunja nguo zilezile alizokunja mchana, kula ni kuchokonoa tu, mara mgongo unawaka moto mara moyo unaenda mbio, na vipimo vya moyo safi. Juzi daktari kasema ni sonona (depression) na wasiwasi, mimi ndo nlikua natafsiri. Mama akanikata jicho, "kwa hiyo mimi kichaa?" Anasema ana mawazo tu, mjane gani hana mawazo? Dawa hataki hata kuziona. Nifanyeje?

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. Shida imeanzia kwenye kutafsiri. Ile fomu ya kupima sonona ina maswali 9, la mwisho linauliza kama unaona bora ufe, sasa mama gani atamjibu hilo mwanae? Omba mkalimani asiye ndugu. Na uliza kama wana dodoso la wazee la maswali 15 ya ndiyo/hapana, lile halihesabu maumivu, maana mwili wa mzee unauma hata asipokua na sonona.

kijana_wa_zamani: Mi naona bi mkubwa hajakosea. Chanzo anakijua kuliko daktari, kafiwa, lugha ya watu haimkai, wajukuu nao hawajui ya kwake. Zimbabwe Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi wa mtaani, mgonjwa anakaa nao kwenye benchi wanaongea, na jina wanalotumia ni la Kishona, kufungisisa, yani kuwaza kupita kiasi. Hapo nani ataona kaitwa kichaa?

nesi_mstaafu: Sawa, ila asiyekula apimwe damu pia, tezi ya shingo na vitamini B12, zinaweza kuleta hali kama hiyo. Na akikubali dawa mwambie mapema sio vidonge vya usingizi, zinachukua wiki kadhaa, wengi wanaacha siku ya nne kwa kichefuchefu wanasema hazifanyi kazi.

mtoto_wa_tatu: Asanteni. Jana sikutaja ugonjwa, nikamuuliza tu "mama, hayo mawazo yanakujia saa ngapi?" Akaongea saa nzima. Kumbe anaogopa kuzikwa huku, mbali na baba. Mkalimani nimeshaomba, tunaenda Alhamisi.